Mlima Elgon na kumbi zake za mawe: kila moja ilichongwa na nini?

Mtu akikwambia anakwenda kupanda Elgon, mara nyingi anamaanisha Wagagai. Amesoma kwamba kilele hicho kiko Uganda, kina mita 4,321, na ndicho kirefu kuliko vyote mlimani. Anapanda, anapiga picha, anashuka. Lakini Wagagai si ncha ya mlima kama ile pembetatu tuliyozoea kuchora shuleni. Ni nundu iliyo kwenye ukingo wa ukumbi mkubwa wa mawe, usio na paa, wenye upana wa kilomita 8 hivi toka ukuta mmoja hadi mwingine. Sudek yenye mita 4,302 ni nundu nyingine ya ukingo huohuo. Koitobos ya upande wa Kenya, mita 4,222, vilevile. Mubiyi na Masaba pia. Vyote hivyo tunavyoviita vilele vimelizunguka shimo moja.

Wala ukumbi huo hauko peke yake. Elgon imejaa mahali pa namna hiyo, penye mwamba uliopinda ukakuzunguka pande tatu au nne. Pako Sipi, nyuma ya maporomoko ya maji. Pako kwenye vibonde vidogo vya juu karibu na ukingo. Pako hata kwenye miteremko ya Bududa, juu ya migomba na mibuni. Kwa macho panafanana, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu tukisimuliana huwa tunapaeleza pote kwa jibu moja: volkano ililipuka. Sivyo. Kumbi hizi zilitengenezwa kwa njia nne tofauti, katika nyakati zilizoachana kwa mamilioni ya miaka, na mojawapo ya njia hizo bado inafanya kazi na bado inaua watu. Mgeni anayezitofautisha anajua asimame wapi, aende lini na achunge nini.

Ule mkubwa ulizama

Elgon ni volkano ya kale sana. Ilianza kujijenga zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, Kilimanjaro ikiwa haijakuwapo kabisa. Ilimwaga lava, ikarusha majivu na mawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitako chake kikafikia kipenyo cha kilomita 80 hivi. Ukubwa wa Elgon uko hapo kwenye kitako. Kati ya volkano zinazosimama peke yake, ni chache mno duniani zenye kitako kipana hivyo. Kwa sababu mlima umetandazika, mteremko wake ni wa taratibu, ndiyo maana mtu aliye Mbale mjini hana kilele cha kukunyooshea kidole. Anachokiona ni majabali ya Wanale yaliyosimama juu ya mji, na nyuma yake mawingu. Wanale ni mkono tu wa mlima. Kiwiliwili kiko mbali huko nyuma.

Chini ya mlima palikuwa na chumba cha mwamba ulioyeyuka, yaani magma, na chumba hicho ndicho kilichobeba uzito wa kilele. Magma ilipotoka kwa wingi, chumba kikabaki na nafasi tupu, na kilele kikakosa cha kukikalia. Paa likapasuka kwa mviringo likashuka. Pembeni zikabaki kuta, katikati ikabaki sakafu iliyozama. Shimo la aina hiyo huitwa kaldera. Kreta ni kitu kingine: ni mdomo ambao volkano hutapikia, kwa kawaida ni mdogo, na kingo zake hujengwa na kile kilichorushwa nje kikarudi kuanguka karibu. Moto na majivu vinaweza kuwapo kwa wingi wakati kaldera inapoporomoka, lakini usidhani kilele cha Elgon kilirushwa hewani kikaenda kutua Soroti. Sehemu kubwa ya mwamba ule iko palepale, chini ya sakafu unayokanyaga, imefunikwa na tope, nyasi na mawe yaliyoanguka kutoka ukutani.

Ushahidi wa jambo hili unaweza kuuona mwenyewe bila kifaa chochote. Ukiwa kwenye ukingo, linganisha pande mbili. Upande wa nje ulioupanda ni mrefu na wa taratibu, umekula siku zako mbili au zaidi. Upande wa ndani unakatika ghafla. Kisha tazama tabaka za mwamba zilizojitokeza kwenye ukuta wa ndani, mstari mweusi wa lava, mstari wa kijivu wa majivu yaliyogandamana. Haziko sawasawa, zimeinama kuelekea nje ya mlima. Zifuate kwa macho kwenda juu, zinakupeleka hewani, juu ya shimo, mahali mlima ulipokuwa ukiendelea kupanda. Mimi naona dakika kumi za kutazama tabaka hizo zina faida kuliko picha mia za kibao cha Wagagai.

Kuna dai linalorudiwa sana, kwamba Elgon ina kaldera kubwa kuliko zote duniani. Si kweli, na hatuhitaji kuipamba. Ngorongoro kule Tanzania ina upana wa kilomita 19 hivi. Hata Menengai, juu ya mji wa Nakuru, imeizidi Elgon kwa urefu. Nadhani watu wamechanganya kitako na shimo: sifa ya upana ni ya mlima mzima, ikahamishiwa kwenye kaldera.

Mlango mmoja wa maji

Ukumbi wa juu una mlango mmoja tu. Upande wa mashariki ukingo umekatwa na mto Suam, ambao umechimba korongo refu na kutoka nje, ukawa mpaka wa Uganda na Kenya. Kwenye kichwa cha korongo hilo ziko chemchemi za maji moto, alama ya kwamba mlima uliozimika bado una joto tumboni.

Fikiria sasa mvua inayonyesha juu ya Wagagai. Tone linaloangukia ndani ya ukingo linaingia Suam, linakuwa Turkwel, linavuka nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya na kuishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Linakaa humo mpaka jua lilinyanyue. Tone linaloangukia hatua chache upande wa magharibi linashuka Manafwa, linaingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga, kisha Nile, na njia yake inakwenda hadi Bahari ya Mediterania. Na mvua ya kusini mashariki hushuka mto Nzoia hadi Ziwa Victoria, ikaungane na Nile kwa kuzunguka. Ukingo huo mwembamba wa mawe ndio unaogawa yote hayo. Mkulima wa mpunga bondeni Manafwa na mfugaji wa Turkana wanakunywa kutoka ukuta mmoja, kila mmoja upande wake.

Sakafu ya ndani ni nyika ya nyasi za mafungu na mabwawa ya tope. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka kwenye kuta ikajaa chini, kwa hiyo asubuhi sakafuni hukuta umande umeganda, hali juu kidogo ukutani hakuna. Chunguza senesio kubwa, yale mashina manene yenye shada la majani juu. Jioni majani yake hujikunja kuelekea ndani, yakafunika chipukizi la katikati. Jua likipiga yanafunguka tena. Majani yaliyokauka hayadondoki, yanabaki yamelizungushia shina kama blanketi. Mmea unaoganda kila usiku na kuungua kila mchana hauna budi kuishi hivyo.

Na sauti? Wengi hutarajia mwangwi mkubwa. Simama katikati ya sakafu upige ukelele: ukuta uko kilomita 4 hivi. Katika baridi ile sauti husafiri kama mita 330 kwa sekunde, kwa hiyo ingehitaji sekunde 12 kufika na 12 nyingine kurudi. Koo la mwanadamu halina nguvu ya safari hiyo. Sauti inakwenda na hairudi. Ukimya huo umewashangaza wengi waliozoea milima yenye makorongo.

Lakini usidhani ukumbi huu haukuwahi kuwa na watu. Nyika za juu za Elgon zilikuwa malisho ya Wabenet, wafugaji wa jamii ya Sabiny, kabla na baada ya serikali ya kikoloni kuuweka msitu chini ya ulinzi. Walianza kuhamishwa mwaka 1983, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatambua kuwa ni wakazi wa asili wa eneo hilo. Mgogoro wa ardhi haujaisha. Ukikuta njia ya zamani ya ng'ombe imekata nyika bila sababu ya kitalii, sasa unajua ni ya nani.

Barafu ilipita hapa

Hili nitalisema kwa ufupi. Katika zama za barafu, ambazo kilele chake kilikuwa kama miaka 20,000 iliyopita, Elgon ilivaa barafu. Barafu hiyo ilichimba vibonde vidogo vilivyopinda karibu na ukingo, vingine vikabaki na viziwa. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, yanaganda, yanatanuka, yanabandua jiwe. Barafu inalibeba na kulitumia kusugulia sakafu. Utakitambua kibonde cha barafu kwa mwamba uliolainishwa sakafuni, na kwa lundo la mawe ya kila ukubwa yaliyoachwa mdomoni pake, makubwa na madogo pamoja, kwa sababu barafu haichagui kama mto unavyochagua. Leo barafu ya kudumu nchini Uganda imebaki Rwenzori peke yake, nayo inapungua mwaka hadi mwaka.

Sipi: maji yanakula kutoka chini

Sipi haihusiani na ukuta wa kaldera hata kidogo. Iko chini sana, kwenye mita 1,800 hivi, nje ya hifadhi, katikati ya mashamba ya kahawa. Maporomoko ni matatu, na lile la chini, lenye kimo cha mita 100 hivi, ndilo linalojulikana zaidi. Nyuma yake mwamba umeingia ndani kwa mviringo, kiasi kwamba unaweza kupita kati ya maji na ukuta.

Kijana wa Kisabiny aliyekuwa akituongoza alisimama hapo nyuma, akaniita kwa sauti ya juu ili nimsikie: "Dada, weka kidole hapa. Sugua." Nikasugua. Ukuta ukatoa mchanga wa kijivu na vijiwe, ukabaki umeshika kidole changu kwa unyevu. Ndani yake zilikuwamo chembe nyeupe zinazometa kwenye tochi. "Huu unatoka kwa mkono," akasema, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye ukingo mweusi ambao maji yanarukia. "Ule wa juu, nyundo inadunda tu."

Maelezo yote ya Sipi yako katika maneno hayo. Juu kuna tabaka la lava, gumu. Chini kuna majivu na mawe ya volkano yaliyogandamana, laini. Maji hayaukati ukingo mgumu kwa urahisi, lakini rasharasha na mvuke wake hulowesha ukuta wa chini mchana na usiku, chumvi iliyomo inayeyuka, chembe zinaachana, ukuta unarudi nyuma. Ukingo wa juu unabaki ukining'inia bila cha kuuegemeza, mpaka siku kipande chake kinapokatika. Yale majabali makubwa meusi yaliyolala bwawani chini ya maporomoko ni vipande vya ukingo wa zamani. Kwa hiyo maporomoko yanahama, yakirudi nyuma kuelekea mlimani, na ukumbi uliopinda ni alama ya mahali yalipokuwa.

Tabaka hilohilo laini ndilo lililoipa Elgon mapango yake. Watu walichimba chumvi humo kwa ajili ya mifugo, wakalaza ng'ombe na mbuzi humo, wengine wakaishi humo. Upande wa Kenya, katika pango la Kitum, tembo nao huingia gizani kukwangua ukuta kwa pembe ili walambe chumvi.

Na hapa Sipi ndipo sauti inapofanya kile ulichokitarajia kule juu. Ukuta uko karibu nawe, chini ya mita 17. Sauti inayokwenda na kurudi kwa umbali huo hutumia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio haliwezi kuitenganisha na ile ya kwanza. Zinaungana. Mpindo wa mwamba nao huzirudisha zote upande uliosimama. Ndiyo maana ngurumo ya maji nyuma ya maporomoko huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Nenda, ila usikae chini ya ukingo unaoning'inia muda mrefu, hasa baada ya mvua kubwa ya siku kadhaa. Mwongozaji akikataa kukupitisha nyuma ya maji siku hiyo, usibishane naye. Anaujua ukuta wake.

Bakuli ambalo si la kutembelea

Aina ya nne inaniumiza kuiandika. Katika wilaya za Bududa, Manafwa, Sironko na Bulambuli, ukitazama miteremko utaona mabakuli yaliyochotwa ubavuni mwa kilima, mengine yameshaota nyasi, mengine bado mekundu. Kwa mbali yanafanana na kumbi nyingine za Elgon. Hayo ni makovu ya maporomoko ya udongo.

Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano yaliyooza kwa mamilioni ya miaka. Ni wa mfinyanzi, una kina kirefu, una rutuba, na ndio unaoipa kahawa ya Bugisu sifa yake. Kwa rutuba hiyo watu wamejaa mlimani, shamba baada ya shamba, hadi kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji huzama na kukusanyika mahali mteremko ulipobonyea, yakajaza matundu yote ya udongo. Uzito unaongezeka huku mshikamano ukipungua. Miti iliyokuwa ikishikilia kwa mizizi imekatwa. Mahali pengine mteremko umechimbwa kupata kiwanja cha nyumba, yaani mguu wake umekatwa. Kisha kipande kizima kinateleza juu ya sakafu iliyopinda, kikiacha umbo la kijiko. Kovu hilo nalo limebonyea, linakusanya maji ya msimu ujao, na mahali palipoporomoka mara moja huwa hapajatulia.

Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulikifukia kijiji cha Nametsi, Bududa, pamoja na kituo chake cha afya. Watu wapatao mia moja walipatikana wamekufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Oktoba 2018 ilikuwa Bukalasi, wilaya hiyohiyo. Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walihamishiwa Kiryandongo, na baadaye serikali ikajenga makazi Bunambutye. Lakini kuhama si jambo dogo kwa mtu mwenye kahawa yake na makaburi ya wazee wake pale mlimani.

Dalili ni hizi, na mwenyeji yeyote atakuonyesha: ufa uliopinda kama mwezi mwandamo kwenye sehemu ya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, mlango wa nyumba uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, chemchemi iliyotokea mahali palipokuwa pakavu au iliyokuwa safi ikageuka tope. Ukiwa mgeni umelala kijijini wakati wa mvua kubwa na ukasikia mlio kama wa lori zito mahali pasipo barabara, ondoka kwenda pembeni, upande wa mgongo wa kilima, usikimbilie bondeni. Na makovu yenyewe tafadhali usiyafanye mandhari ya picha. Wengine wamo humo bado.

Ukiamua kwenda

Lazima upande na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo watu wengi huiita UWA, na wapagazi hupatikana vijijini palepale. Miezi mikavu ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Machi. Njia ya Sasa huanzia Budadiri. Ni fupi na kali, ina majabali ya Mudangi yanayopandwa kwa ngazi, na kambi yake ya juu iko mapangoni Mude, mita 3,500 hivi. Watu wengi huimaliza kwa siku nne. Njia ya Piswa huanzia Kapkwata, ni ndefu zaidi lakini ya taratibu. Ya Sipi huanzia Kapkwai.

Kama unachokitaka ni ukumbi wenyewe, ushauri wangu ni upande kwa Piswa au Sipi, ushuke kwa Sasa. Mwili unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu juu ya mita 3,000 si ya kujikaza kiume, yakizidi, shuka. Ongeza siku moja ya kuingia sakafuni mpaka kwenye chemchemi za maji moto, maana ukiishia Wagagai utakuwa umesimama mlangoni tu. Chukua nguo za baridi kali hata kama Mbale umeacha joto la kutoa jasho.

Na ukitaka kuvuka kaldera utokee Kenya, inawezekana, ila unahitaji ruhusa ya mamlaka za wanyamapori za nchi zote mbili, na mambo ya uhamiaji uyamalize kabla ya kuanza kupanda. Mpaka unapita katikati ya nyika, na huko juu hakuna ofisi ya kugonga muhuri.